Panya Aliyevaa Kandambili

Miguu yangu iliacha kuuma, nami nikamshukuru Mungu. Naanzia hapo kwa sababu najua kuna mtu anasoma haya, na yeye yake imeacha kuuma juzijuzi, na yuko anashukuru vilevile. Ndugu yangu, usishukuru bado. Vua viatu kwanza.

Mie ni Mwanahawa, Mzaramo wa Mbagala, fundi cherehani. Sukari ninayo miaka mingi, na kusema kweli sikuwa naiogopa. Asubuhi nameza vidonge vyangu, kwenye chai natia kijiko kimoja badala ya vitatu, basi najiona mtu wa masharti kweli kweli. Kilichokuwa kinanitesa ni nyayo. Zilikuwa zinawaka, zinachoma, zinatembewa na sisimizi wasioonekana. Kuna siku nilishona suruali nzima ya mteja mguu mmoja uko kwenye pedeli ya cherehani na wa pili uko ndani ya beseni la maji.

Sokoni Tandika kulikuwa na muuza dawa mwenye spika na maneno mengi. Akaniuzia unga wa mizizi. Nikanywa wiki tatu, moto ukazimika. Sisemi ulipungua, ulizimika! Nikamtangaza yule bwana mtaa mzima, bure, bila hata yeye kuniomba. Majirani watano walikwenda kununua kwa kuniamini mie. Mungu anisamehe.

Baadaye sana nesi wa kliniki ya sukari alinigusagusa wayo kwa kijiuzi kigumu huku nimefumba macho. Kila akigusa niseme. Nikakaa nangoja aanze. Kumbe alishamaliza miguu yote miwili. Akaniambia, "Mama, miguu yako haijapona. Imenyamaza." Daktari kijana aliyekuwa pembeni akataka kunieleza kwa nini inanyamaza, akaanza kuchora mishipa kwenye karatasi, mara wataalamu wengine wanadhani hivi, mara wengine wanadhani vile. Nikamwambia, "Mwanangu, wakishapatana uje unipe habari." Kwa hiyo mambo hayo usiyatafute hapa, mie ninachokijua ni yaliyonipata.

Yaliyonipata yalianza na harusi.

Asha, mtoto wa marehemu mdogo wangu, aliolewa Boko mwishoni mwa vuli. Mie ndiye mama mkubwa na mie huyohuyo ndiye fundi, kwa hiyo sare zote za upande wetu zilikuwa mgongoni kwangu, magauni ishirini na mbili, na kila mtu anataka lake limbane kiunoni na limwachie kupumua. Binti yangu Rehema, mtu mzima mwenye mume na watoto, alikuja kunisaidia kupinda. Siku hiyo sindano ya cherehani ikakatika, kipande kikaruka. Tukakitafuta mkekani, tukapitisha sumaku, wapi. Nilimsema Rehema mpaka akalia. "We mtoto huna macho! Atapita mtu hapa ataumia!" Nilimsema nimesimama, mikono kiunoni, peku, nazunguka kwenye ule mkeka huku na huku kwa hasira.

Siku mbili kabla ya harusi akaja mchoraji piko. Wanawake wakapanga foleni kuchorwa miguu. Unajua mtu akipakwa wayo anavyotekenyeka. Chumba kizima kilikuwa vicheko, watu wanarusha mateke, ua linakuwa doa. Ilipofika zamu yangu nikakaa kimya. Yule dada akachora maua yake kisiginoni, pembeni, mpaka chini ya vidole, mie wala sitikisiki. Akaniambia, "Mama mkubwa we una utulivu, jamani." Nikavimba kichwa. Nikawaambia wale wengine, "Mnaona? Huu ndio ukubwa."

Kule Boko nikapewa kiti kizuri, karibu na dirisha. Baada ya kitambo wakanihamishia barazani, kiti kizuri zaidi, peke yangu. Kila baada ya dakika chache kinakuja chetezo, udi unafukizwa miguuni kwangu, moshi mpaka unakohoa. Nikasema moyoni, hawa wa upande wa bwana harusi wamefundwa, wanajua kumheshimu mama mkubwa. Nikarudi Mbagala nawasifu.

Siku ya tatu mume wangu Shomari akasema ndani kuna panya aliyekufa.

Shomari ni mtu wa maneno machache na kazi nyingi. Akavuta kabati, akatoa magodoro nje, akapanda darini na tochi. Hakuna panya. Akasema labda yuko nyuma ya friji. Tukaburuta friji. Mie mwenyewe harufu nilikuwa naisikia, nikawa namfuata nyuma nafagia, na kila tulipokwenda panya alikuwa yuko karibu. Jikoni yupo, sebuleni yupo. Rehema alikuja, akakaa, akafungua madirisha, akaondoka mapema. Shoga zangu wa kikoba walikuja, wakakaa mlangoni. Hakuna aliyesema kitu.

Aliyesema ni Maganga. Maganga ni jirani yetu, seremala, Mnyamwezi wa Tabora, na sie Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu. Mtani anaruhusiwa. Anaweza kukutukana mbele za watu, anaweza kuja msibani kwako akavaa koti la marehemu na kuomba chai, nawe ukinuna unaonekana mshamba. Basi alikuja kuazima msumeno wake mwenyewe, maana Shomari akiazima harudishi. Akamkuta mwenzake yuko chini ya kochi na tochi. Akasimama, akanusa, akanitazama mie, akateremsha macho.

"Shomari," akasema, "toka huko chini. Panya wako yuko hapa. Amevaa kandambili."

Nikamrushia mwiko. "Mnyamwezi huna adabu!"

"Adabu sina, pua ninayo. Geuza huo wayo."

Sikuweza kuugeuza, magoti yangu yanajijua. Akapiga goti yeye, akaunyanyua mguu wangu wa kushoto, akanyamaza. Kwa Maganga kunyamaza si kawaida. Shomari akaja kuangalia, akatoka nje moja kwa moja, nikamsikia anatapika. Kumbe lile ua la piko chini ya vidole, ambalo mie nikichungulia pembeni ya mguu nililiona linazidi kukolea weusi nikafurahi kwamba piko ni la kweli, halikuwa ua tena.

Hospitalini tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Mama mmoja aliyekuwa pembeni yangu alihama, akarudi, akanipa limau ninuse. Yule namkumbuka mpaka leo. Nilipigwa picha ya mguu, daktari akaishika juu kwenye mwanga, akaniuliza, "Mama, hiki nini?"

Nikatazama. Nikakitambua mara moja. "Sindano," nikasema. "Namba kumi na sita. Ya cherehani."

Mie nilichowaza ni Rehema na yale machozi yake. Nikampigia simu palepale, nikamwambia kipande kimepatikana. Akauliza kilikuwa wapi. Nikamwambia tutaongea nyumbani.

Nikalazwa. Sindano ikatolewa, kidonda kikafunguliwa, nikawa nasafishwa kila asubuhi. Wenzangu wodini wakisafishwa wanaita mama zao. Mie nalala natazama feni, nesi ananichokonoa mpaka ndani, nami namuuliza habari za watoto. Wagonjwa wakawa wananionea wivu. Nakwambia kweli, huo si wivu wa kuwa nao.

Siku ya tatu nikaona daktari amewaita pembeni Shomari na kaka yangu Kondo, mkubwa wetu. Waliporudi walikuwa wanatabasamu wote wawili. Shomari huwa hatabasamu, hata kwenye picha ya harusi yetu hakutabasamu.

"Daktari kasemaje?"

"Unaendelea vizuri," akasema Kondo. "Vizuri sana. Kula zabibu."

Zabibu! Kondo ninamjua tangu tuko watoto, hajawahi kuniletea hata ndizi mbivu. Siku iliyofuata akaleta supu ya kuku wa kienyeji. Binamu ambao sijawaona tangu msiba wa baba wakaja kuniangalia, kila mmoja ananishika mkono, ananikazia macho, anasema "Mungu mkubwa." Nikaingia kwenye simu nione grupu la ukoo wanasemaje. Grupu halipo. Nimetolewa! Nikamuuliza Rehema, akasema simu yangu ina tatizo la mtandao.

Sasa we msomaji unaona kila kitu, na pengine unanishangaa. Lakini mtu anayefichwa hupenda kufichwa. Nilikuwa najua na nikala zabibu.

Siku ya saba, saa ya kuona wagonjwa, mlango wa wodi ukafunguliwa kwa kilio. "Ole wangu mie! Mtani wangu! Mguu wangu!" Maganga huyo. Amejifunga kanga ya mkewe kiunoni kama mwanamke mfiwa, mkono mmoja ana kipande cha bafta nyeupe, mkono wa pili ana tepu ya kupimia, na tepu yenyewe ni ya kwangu, kaichukua kwenye meza ya cherehani. Akajitupa kwenye ncha ya kitanda, akaanza kunipima kutoka goti mpaka kisigino.

"Unafanya nini?" nesi akapiga kelele.

"Napima sanda, sista. Marehemu ni mfupi, lakini Wazaramo ndivyo walivyo. Bafta itabaki, nitashona kofia."

Wodi nzima ikaangua kicheko. Bibi wa kitanda cha pili alicheka mpaka akashikilia dripu yake. Mie pia nilicheka, nikamwambia, "Nenda kapakize mizigo we mpagazi, babu zako walikuja huku na pembe za ndovu vichwani," naye akajibu kwamba pembe walizileta lakini Wazaramo waliziiba. Nikageuka nicheke na mume wangu.

Shomari alikuwa hacheki. Kondo alikuwa anatazama sakafu. Rehema ameziba mdomo kwa mtandio.

Kicheko kikanikauka. "Shomari," nikasema, "sanda ya nini?"

"Pumzika, Mama Rehema."

"Kondo?"

"Kula kwanza, dada."

Nikamtazama Maganga. Alikuwa ameacha kulia kwa uongo. Nikamwambia, "Mtani, niambie we."

Akafungua ile kanga kiunoni, akaikunja vizuri, akakaa. "Vidole viwili lazima vitoke," akasema. "Daktari kasema hivyo siku nne zilizopita. Vikitoka mapema mguu unabaki. Wakichelewa, anakata chini ya goti. Hawa wakamwomba daktari wakwambie wenyewe, taratibu. Siku nne wanatafuta maneno. Leo asubuhi Kondo kanifuata karakana, kaniambia, Mnyamwezi, sie tumeshindwa, nenda we."

Nililia. Sitadanganya hapa kwamba nilikuwa jasiri. Nililia kwa sauti, nikaogopa, nikauona mguu wangu ule kwenye pedeli, maisha yangu yote yaliyopita chini ya ule wayo, sare, kanzu, nguo za shule za Rehema. Halafu nikakasirika. Nikawatukana wote kwa majina, ukoo mzima, waliopo na walio kwenye grupu. Nikamaliza, nikasema, niitieni daktari, na nirudisheni kwenye grupu langu.

Nilitia saini mwenyewe. Vidole vilitoka kesho yake, kidole kidogo cha mwisho na jirani yake. Daktari alisema zingepita siku nyingine mbili tatu asingeniahidi kitu. Shomari na Maganga wakaenda kuvizika, kama inavyotakiwa kwa kiungo cha mtu. Maganga aligoma kushika jembe mpaka aahidiwe jogoo, akasema vidole vya Kizaramo havizikwi bure. Jogoo alipewa. Alikuja kumlia kwangu, na mie ndiye niliyempikia.

Nikaanza maisha ya benchi. Jumatatu na Alhamisi, kusafisha kidonda. Kiangazi kifupi kikapita kwenye benchi lile, jua linatufuata kutoka upande mmoja wa korido mpaka mwingine nasi tunasogea. Pale nilimpata rafiki, Mzee Kibwana wa Kibamba, ambaye kisigino chake kilichomwa na bomba la pikipiki, akaja kujua alipoona moshi. Tulikuwa tunakaguana nyayo kwa zamu, hadharani, watu wazima na mvi zetu. Akiniona tu, kabla ya salamu: "Nyanyua." Nanyanyua. "Safi. Shikamoo yangu iko wapi?" Ndipo namwamkia.

Nyumbani hakukuwa na hali nzuri. Nilikuwa sisemi na Shomari. Alipika, alifua, alinichemshia maji, mie nasema ahsante kwa ukuta. Ramadhani ikaingia, mie nimekatazwa kufunga, nakula mchana peke yangu kama mwizi, na hata kugombana kukaniishia utamu. Nesi alikuwa ameniambia kila siku lazima mtu aniangalie nyayo, kila siku, maana zenyewe hazitaniambia kitu tena. Rehema yuko kwa mumewe. Kioo nilijaribu, magoti yakakataa. Akabaki Shomari.

Basi kila baada ya sala ya alasiri tunakaa barazani, mie kwenye kiti, yeye kwenye kigoda, ananyanyua mguu mmoja, wa pili, anasema "Safi." Kesho "Safi." Keshokutwa "Safi." Upesi mno. Siku moja nikamwita mke wa Maganga, nikamwomba anichoree msalaba wa chaki ya fundi katikati ya wayo, mkubwa, wa buluu. Shomari akaja, akanyanyua mguu.

"Safi."

"Shomari. Safi?"

"Safi kabisa."

"Kuna chaki hapo inatosha kuandikia somo! We unaangalia nini?"

Kumbe alikuwa hafungui macho. Ananyanyua mguu, anafumba, anahesabu kidogo, anasema safi. Tangu siku ya panya hakuwahi kuutazama tena. Nilimwambia neno zito. Nilimwambia, "Huo upole wako utakuja kunizika. Sindano ilinikaa mguuni wiki nzima, lakini nyie mlinikaa siku nne na midomo yenu imefungwa. Kati ya sindano na nyie, sindano ina nafuu." Akaondoka, akakaa nje mpaka futari ikapoa.

Sikuijutia ile kauli wakati ule. Nilijuta baadaye, halafu nikaacha kujuta.

Iddi ikaja na masika. Kidonda kilikuwa kimefunga, nimeanza kukanyaga pedeli kidogo kidogo na mguu wenye vidole vitatu, mshono umenyooka vilevile. Mchana ule tulikula pilau, wageni wakaondoka, mvua inanyesha. Shomari akaleta kigoda. Akanyanyua mguu wa kulia, akautazama. Nikaona macho yake yako wazi. Akanyanyua wa kushoto. Akakaa nao mkononi muda mrefu.

"Mwanahawa," akasema. Huwa haniiti jina, tangu azaliwe Rehema huwa haniiti jina. "Kuna kitu. Cheusi. Hapa karibu na kisigino. Hakikuwepo jana." Aliweka kidole pembeni yake, nakiona, maana kukisikia siwezi. "Na mie naogopa."

Hatukusubiri mvua ikatike. Aliita bajaji, akanibeba mpaka ndani yake, mwanamume wa miaka sitini na tatu, amelowa kanzu ya Iddi. Nilikuwa naogopa, na hapohapo kuna furaha imenikaa ambayo sikujua niiweke wapi.

Nesi wa zamu alikuwa mmoja tu, sikukuu. Akaweka mguu wangu kwenye taa, akainama, akachukua pamba yenye maji, akafuta mara moja. Akaangalia pamba. Akainusa.

"Baba," akamwambia Shomari, "hii karafuu. Ya pilau. Mama amekanyaga karafuu."

Akaanza kucheka, akashindwa kujizuia, akaegemea meza. "Yaani na mvua yote hii, baba, sikukuu, mbio mbio, kwa ajili ya karafuu!" Shomari akainamisha kichwa, maji yanamchuruzika usoni.

"Sista," nikamwambia, "usimcheke huyo. Leo ndiyo kaniambia."